Mwaka wa Kumtimua Mgeni

9 Februari

Dada yangu,

Shikamoo. Barua huanza kwa kuulizana afya, ila leo nitakosa adabu niiruke desturi hiyo, kwa sababu afya ndiyo habari yenyewe. Nimeandika badala ya kupiga simu kwa kuwa simu yako ni mali ya ukoo mzima. Wajukuu wanaichezea, mkweo anaipokea, na ujumbe nikikutumia unasomwa kwa sauti mezani. Barua angalau itakufikia jikoni kwako shuleni, na najua unavyowafukuza watu ukiwa na karatasi mkononi.

Wiki tatu zilizopita wauguzi walikuja kwenye karakana yetu ya sare. Tuko washonaji kumi na mmoja na dada wa pasi. Wakasema kila mwanamke aende zahanati kupimwa mlango wa kizazi. Wenzangu wakacheka na kusukumana, nikasema mimi natangulia. Unanijua, mdomo mbele. Nimepanda kile kitanda, miguu huku na huku, muuguzi akaniangalia akasema, "Mama, hiyo futi ya shingoni utaivua, au unanipima mimi?" Basi tukacheka wote wawili, na mimi nikadhani yameishia hapo.

Juzi wameniita. Nina kirusi kinachoitwa HPV, tena cha ile aina ambayo ikikaa muda mrefu inaweza kuleta saratani ya mlango wa kizazi. Wameniangalia upya, wamesema hakuna kidonda wala seli zilizoharibika. Nikauliza, haya, dawa ni ipi? Hakuna. Hakuna kidonge wala sindano ya kukiua. Muuguzi anasema kwa watu wengi mwili wenyewe hukitoa, ukipewa nafasi. Nirudi baada ya miezi kumi na miwili. Nikikutwa nacho bado, wataanza kuniangalia kwa mashine na pengine kukata kipande.

Mwaka mzima, Dada! Mimi ambaye hata pasi ikichelewa kupata moto naitukana. Na kila nikilala namwona Mama Mdogo alivyokonda, alivyokuwa anatuambia ni tumbo tu, ni tumbo tu. Naogopa. Nakuandikia ili angalau mtu mmoja ajue kwamba naogopa.

Shemeji yako nimemhamishia sebuleni. Kirusi chenyewe kinaambukizwa kwa kulala na mtu, na mimi tangu anipose sijamtazama mwingine. Hesabu gani tena hapo? Kila asubuhi ananiuliza amenikosea nini, namjibu, "Jiulize." Kisha anabeba ngazi yake na makopo yake ya rangi, anaenda kuchora mabango ya watu akiwa ameinamisha kichwa. Namwonea huruma mpaka anapofika kona, halafu hasira inarudi.

Mdogo wako,
Sindano


21 Februari

Sindano,

Marahaba, mwanangu. Nasema mwanangu maana nimekubeba mgongoni, na mgongo haujasahau uzito wako.

Barua yako nimeisomea stoo, nimekaa juu ya gunia la vitunguu, ili atakayeingia anikute nalia kihalali. Nimelia mara moja tu, nimemaliza. Sasa tufanye kazi.

Huyo kirusi tutamwita Mgeni. Mgeni asiyealikwa, asiyeaga, anayekaa mpaka achoke. Sisi kazi yetu ni kumchosha. Na usijione mchafu. Mimi mwenyewe nilishapimwa zamani, ni dakika tano, si kitu cha kumnyima mtu usingizi. Kwangu hawakukuta kitu, lakini wangeweza kukuta, maana wanawake wengi wanakipata na kukitoa bila hata kujua.

Kuhusu shemeji yangu, ulimuuliza muuguzi au umekaa mwenyewe ukawa mlalamikaji, hakimu na askari? Rudi ukaulize.

Kuhusu chakula, niachie mimi, ndiyo fani yangu. Nimekuandikia ratiba uifuate bila kupunguza. Jumatatu, maharage debe mbili, mchicha mafungu themanini, karoti nusu gunia. Jumanne, samaki masanduku manne na kabichi hamsini. Jumatano, dengu debe mbili, nyanya kreti tatu, mapapai sabini. Alhamisi rudia ya Jumatatu, Ijumaa rudia ya Jumanne. Soda hakuna. Mafuta ya kukaangia yapungue. Na ulale mapema. Wewe tangu utoto ni bundi.

Dada yako,
Mama wa Masufuria


16 Machi

Dada,

Shikamoo. Debe mbili za maharage, Dada?

Nilipofika kwenye nusu gunia la karoti ndipo nikajua umenakili ubao wa jikoni kwako neno kwa neno. Nimemsomea shemeji yako, akacheka mpaka akashika ukuta. Basi tumechukua kalamu tukagawanya kila kitu kwa wanafunzi wako mia sita. Kwa Jumatatu nimepata karoti moja, maharage kiganja kimoja, na mchicha ambao ungeweza kuufunga kwa uzi wa kushonea. Mchicha nimeuongeza kwa mamlaka yangu. Kilichonishinda ni papai. Sabini kugawa kwa mia sita ni kipande cha kumhonga mtoto. Kwa hiyo papai nakula nusu zima na ratiba yako ipige kelele.

Umeona nimeandika "tumechukua kalamu". Shemeji yako karudi chumbani. Nilikwenda kwa muuguzi kama ulivyoniagiza, nikiwa nimejaa maneno. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia kirusi hiki kinaweza kujificha mwilini miaka mingi kabla hakijaonekana, na hakuna kipimo duniani kinachosema kimetoka kwa nani. Akaniuliza kwa upole kama kabla ya ndoa nilikuwa na mtu. Dada, uso ulinishuka. Yule fundi viatu wa ujana wangu, unamkumbuka. Kwa hiyo huenda ni mimi niliyekileta ndani ya nyumba, halafu nikamlaza mwenye nyumba kwenye kochi mwezi mzima!

Jioni ile nikamweleza yote. Nilidhani ataniuliza kuhusu fundi viatu, lakini aliniuliza kitu kimoja tu, "Kwa hiyo mwezi mzima ulikuwa unaumia peke yako, na mimi niko hapo sebuleni nasikiliza redio?" Akalia. Sijawahi kumwona analia, hata baba yake alipofariki. Nimejuta, Dada, nimejuta kweli.

Sasa naenda kazini kwa miguu, dakika arobaini kwenda na arobaini kurudi. Nalala mapema. Soda ya saa nne nimeiacha, ingawa wiki ya kwanza nilikuwa mkali na sindano zikanichoma mara tatu. Dada wa pasi kaniambia nijisafishe ndani kwa siki, nikamuuliza muuguzi, akashika kichwa. Amesema huko ndani nisiweke kitu chochote, siki, vitunguu saumu, wala majani ya mtu yeyote. Alisema na mengine, madogo madogo, siyaandiki yote.

Mdogo wako,
Sindano


3 Julai

Shemeji,

Shikamoo. Mimi si mtu wa barua. Herufi nilizozoea zina urefu wa mita moja, kwa hiyo nivumilie zikipotea njia.

Nakuandikia bila mke wangu kujua na jambo hilo linanikera mwenyewe. Kwa Mgeni wenu tunaendelea vizuri. Anakula majani kuliko sungura, analala mapema, anatembea. Nilikuwa najivuna naye.

Juzi nilikuwa natafuta kifungo cha shati langu. Kwenye kopo lake la vifungo, chini kabisa, nikakuta pakiti ya sigara, nusu yake imekwisha, na kiberiti. Mimi sivuti. Kwetu haingii mwanamume mwingine nikiwepo. Sasa kuna mtu anayevuta sigara, na vitu vyake vinatunzwa na mke wangu chini ya vifungo. Nikaanza kuunganisha. Kila akirudi kazini anatafuna karafuu, na hajawahi kuniambia kwa nini. Hayo matembezi ya dakika arobaini, anatembea na nani?

Shemeji, nililala kwenye kochi mwezi mzima kwa kosa nisilolijua na sikuinua sauti. Leo nipo kwenye ngazi, nachora bango la duka la vitanda, na neno "pumzika" limepinda. Nimeshindwa kumuuliza. Naogopa jibu. Muulize wewe, nakuomba, kabla sijafunga virago kwa upumbavu wangu.

Shemeji yako


9 Julai

Sindano,

Salamu baadaye. Ndani ya bahasha hii kuna barua ya mumeo. Aliniandikia kwa siri, nami naivunja siri yake kwa sababu mnapendana na mnaelekea kuachana.

Kaa chini uisome. Halafu nijibu swali moja tu, za nani?

Dada yako


15 Julai

Dada,

Shikamoo. Ni zangu.

Nimeandika maneno hayo mawili, nikaweka kalamu chini, nikazunguka nyumba. Sasa nimerudi.

Navuta mwaka wa nane. Ilianza ule mwaka wa oda ya sare elfu tatu, tulipokuwa tunashona mpaka macho yanaota mchanga. Dada wa pasi alinipa moja nyuma ya karakana ili nisisinzie, nikakohoa, nikaipenda. Tangu hapo ni tatu, nne, siku mbaya nane. Karafuu ni kwa ajili ya wateja na kwa ajili yako unapokuja. Kwa mume wangu sikuhitaji hata karafuu. Thina ya rangi imemla pua, hawezi kutofautisha samaki na sabuni. Mwanamke mwingine asingeweza kuficha sigara ndani ya nyumba miaka minane. Mimi niliolewa na mchora mabango.

Yale "madogo madogo" niliyokataa kuyaandika ndiyo haya. Siku ya kwanza kabisa muuguzi aliniuliza kama navuta. Nikasema ndiyo, maana kwake yeye sikuwa na sura ya kulinda. Akaniambia moshi unaunyong'onyeza mwili pale pale unapohitaji kupigana, na kwa wanaovuta Mgeni huyu hukawia kuondoka. Alisema mchicha ni mzuri, usingizi ni mzuri, lakini kama nitachagua jambo moja tu, nichague kuacha sigara. Nikachagua mengine yote. Miezi mitano, Dada, nimekula ratiba yako kwa mdomo uleule unaovuta. Nilikuwa nakuandikia barua za ushindi huku nanuka moshi.

Nilivyosoma barua ya mume wangu nilimsubiri arudi. Nikamkalisha kitini. Sikuweza kuongea, kwa hiyo nikachukua sigara moja kwenye kopo la vifungo, nikaiwasha mbele yake, nikavuta, nikatoa moshi puani. Alitoa macho. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akateleza kutoka kitini akakaa sakafuni, nami nikadhani tumepona. Ndipo hasira ikampanda. Akasema, "Afadhali angekuwa mwanamume, ningempiga. Hii nitaipigaje?" Akauliza mara tatu kama nataka kufa kama Mama Mdogo.

Sitaki kufa, Dada. Lakini nimejaribu kuacha mara mbili kimyakimya na nimeshindwa zote. Imebaki miezi saba. Nahisi nimeichezea nafasi yangu.

Mdogo wako


27 Julai

Mdogo wangu,

Marahaba. Nilikuwa nimejiandaa kukupasukia. Nilishaandika kurasa mbili za ukali, kisha nikazitia motoni chini ya sufuria la uji, kwa sababu mimi pia ni mwongo.

Sijawahi kupimwa. Hata mara moja. Nina miaka hamsini na mmoja. Kila mwaka wauguzi huja hapa shuleni kwa ajili ya wafanyakazi, na kila mwaka siku hiyo mimi hujifungia stoo nikidai napanga magunia. Nilikuambia ni dakika tano kwa kuwa ndivyo nilivyowasikia wengine wakisema.

Wewe ulimwona Mama Mdogo alivyokonda. Mimi ndiye niliyemwogesha. Nilikuwa na miaka ishirini na sita na nilijua mambo ambayo hakuna aliyewaambia ninyi wadogo, kwamba halikuwa tumbo, ilikuwa saratani ya mlango wa kizazi. Nikajiapiza kwamba mimi sitaki kujua. Ndivyo nilivyoishi, nikipika kwa kelele nyingi ili nisisikie. Halafu barua yako ikafika, kwamba umepanda kile kitanda wa kwanza, ukicheka. Nikaona haya. Nikakuandikia uongo ili nisionekane mwoga mbele ya mtu niliyemfundisha kutembea.

Kwa hiyo hatuna wa kumnyooshea mwenzake kidole. Tufanye hivi. Wewe acha sigara. Ukifikisha siku thelathini mfululizo, mimi napanda kitanda. Usipofikisha, sipandi, na lawama tugawane.

Nafasi hujaichezea. Miezi saba ni mingi. Hapa jikoni kwa miezi saba nalisha watoto mpaka sare unazowashonea zinawabana.

Dada yako,
Mama wa Masufuria


5 Oktoba

Dada mpendwa,

Shikamoo. Nilijipa wiki moja ya kuagana na sigara, jambo la kijinga, maana nilikuwa naziaga mbili mbili. Tarehe tisa Agosti nikaacha.

Nisikufiche tena kitu. Siku ya kwanza nilishona mkono wa shati mahali pa shingo. Siku ya tatu nilimfokea mteja, tajiri wetu akanipeleka nyuma nikapoe, na nyuma ndiko wanakovutia. Nilikimbia kurudi ndani kama niliyeona nyoka. Siku ya tisa dada wa pasi alikuwa na habari mbaya za nyumbani kwao, nikaenda kumliwaza, na kabla sijajitambua sigara ilikuwa mdomoni.

Mume wangu amenitengenezea bango. Liko nyuma ya mlango wa chumba, jekundu kwa njano, maandishi yenye kivuli kama ya duka kubwa: SIKU BILA MOSHI. Chini yake ni nafasi ya namba, na kila asubuhi kabla ya kunywa chai anapaka namba mpya. Siku ile ya tisa nilimwambia mwenyewe. Alichukua brashi, akaifuta tisa, akachora sifuri nzuri sana, yenye pambo pembeni. Nililia kwa ajili ya ile sifuri kuliko nilivyolia zahanati. Alikaa karibu yangu akasema, "Rangi ipo nyingi. Tutaandika tena."

Leo asubuhi ameandika 48.

Pua yangu imerudi, Dada. Kitambaa kipya kina harufu, nilikuwa nimesahau. Ngazi za karakana napanda bila kusimama katikati kujifanya nafunga kamba ya kiatu. Dada wa pasi naye amepunguza, sasa tunakaa upande wa mbele tunatafuna karoti, na wenzetu wanatuita sungura.

Usiku wa hofu bado upo. Kuna siku najiambia nimechelewa, Mgeni ameshajenga. Halafu asubuhi naona namba, navaa viatu, natembea.

Na wewe? Siku ya thelathini ilipita zamani, nikakutumia kadi kukujulisha. Kimya chako nakisikia mpaka huku. Mimi nimeshika ahadi yangu kwa meno. Yako iko wapi?

Mdogo wako,
Sindano


2 Novemba

Sindano,

Marahaba, marahaba, marahaba. Nimepanda!

Kadi yako niliificha kwenye kopo la chumvi nikijidai sijaiona. Barua yako ya Oktoba ndiyo iliyonitoa stoo. Nilisoma habari za sifuri, nikaona mtu anayeweza kuanza upya kutoka sifuri hastahili dada wa kujificha nyuma ya magunia.

Nilivaa gauni langu la harusi za watu. Nilimchukua mkweo, mke wa mwanangu, anisindikize. Nikaingia chumbani, na muuguzi aliyenigeukia ni nani? Msichana aliyesoma hapa shuleni! Akapiga kelele, "Mama wa Masufuria! Wewe ndiye uliyeninyima maharage ya nyongeza miaka minne!" Dada yako nikiwa sina nguo ya chini, naomba msamaha kwa ajili ya maharage. Tulicheka, na tulipomaliza kucheka kipimo kilikuwa kimekwisha. Kweli ni dakika tano. Safari hii nakuambia kama mtu aliyeonja.

Nimesubiri majibu wiki mbili. Chakula nilikipika hovyo, watoto wakalalamika, mwalimu mkuu akaniuliza kama nimefiwa. Juzi nimeitwa. Sina kitu, Sindano. Niko salama. Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi za zahanati, nikalia kwa ajili ya Mama Mdogo. Miaka ishirini na mitano sikuwa nimemlilia. Mkweo alinishika bega, kisha akaniambia naye ameamua kupima, akaingia. Na wale wajukuu wawili wa kike wamechanjwa shuleni kwao, chanjo ya huyu huyu Mgeni, wakarudi wakijivunia plasta za mkononi. Sisi hatukuipata. Wao wamefungiwa mlango mapema, nami nimefurahi mpaka nikawakaangia mayai.

Sasa imebaki zamu yako. Najua hofu yako haijaisha, hata yangu haijaisha, nimeihamishia kwako tu. Endelea na namba zako. Bila kujali watakachokuambia Februari, mimi nitapanda basi la kwanza kuja kukaa na wewe.

Dada yako,
Mama wa Masufuria


22 Februari

Dada yangu, Dada yangu,

Shikamoo. Usipande basi kwa ajili ya kunifuta machozi. Panda kwa ajili ya kula.

Nilipimwa mwanzoni mwa mwezi, na jana nikaenda kuchukua majibu. Nilitoka nyumbani bango likiwa na 187. Mume wangu alitaka kunisindikiza nikamkatalia, nikamwambia akamalize kazi yake. Yuko jirani na zahanati, mtaa mmoja tu, anaandika jina la duka la vyombo. Ukweli ni kwamba kama ingekuwa mbaya, nilitaka kwanza niitafune peke yangu. Tabia mbovu haifi haraka.

Muuguzi ni yule yule. Alifungua faili, akageuza karatasi, akarudi nyuma, akageuza tena. Nikamwambia, "Dada, kama ni mabaya yaseme kwa mkupuo." Akainua uso anatabasamu. "Hakionekani," akasema. Nikamuuliza kimekwenda wapi. Akasema, "Mwili wako umekishinda."

Nilimfanya arudie mara tatu. Alinionya nisije nikatangaza kwamba mchicha ni dawa. Kuna wanawake wanaofanya yote, wanakula, wanalala, hawavuti, na bado kirusi kinabaki, wala si kosa lao, ndiyo maana kurudi kupimwa hakuna mbadala wake. Nilichofanya mimi ni kuupa mwili nafasi, na mwili umeitumia. Nirudi tena baada ya miaka mitatu. Nikamwambia nitakuja hata nikiwa natembelea fimbo.

Nikatoka mbio, Dada, mimi na miaka yangu thelathini na saba, mkoba unanipiga mgongoni. Mume wangu alikuwa juu ya ngazi. Nikasimama chini nikamwambia, "Hakipo." Alibaki ameshika brashi, rangi inamdondokea kiatuni. Kisha akageukia mtaa mzima, watu wanapita, watu wananunua, akapiga ukelele kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, "Mke wangu amepona! Jamani, mke wangu amepona!"

Mtaa ukasimama. Watu wakapiga makofi bila kujua wanapigia nini. Mwenye duka akatoka, akaniuliza mbele ya wote, "Hongera mama, ulikuwa unaumwa nini?"

Mwaka mzima mimi na wewe tumekiita Mgeni, tumekificha ndani ya bahasha. Nikamwangalia mume wangu, akaniachia mimi. Nikavuta pumzi, na pumzi yenyewe ilikuwa ndefu na safi, nikasema kwa sauti, "Nilikuwa na HPV. Kirusi cha mlango wa kizazi. Kinachoweza kuleta saratani. Nilipima mapema, nimejitunza mwaka mzima, leo wamepima hawajakiona." Mwenye duka akaangalia viatu vyake. Vijana wawili wakajifanya wanasoma bango. Nilisubiri aibu inishike, Dada, nilisimama pale naisubiri kwa dhati, na haikuja.

Mwanamke mmoja alikuwa amesimama mlangoni na sufuria mpya mkononi, amekwisha kulinunua. Watu walipotawanyika alinisogelea akaniuliza kwa sauti ya chini, "Wanapimia wapi?" Nikamwonyesha, ni lile jengo la kona. Akaniambia anapita hapo kila siku na kila siku anaogopa. Nikamwambia mimi pia niliogopa, na dada yangu mkubwa aliogopa zaidi. Akasema labda wiki ijayo.

Nikamshika mkono. Mume wangu akashuka ngazini, akambebea sufuria lake. Tukarudi wote watatu njia niliyotoka nayo mbio, safari hii polepole, kwa mwendo wake.

Muuguzi aliponiona mlangoni akashangaa. "Umesahau nini, mama?"

Nikamwambia, "Sijasahau kitu. Nimekuletea mtu."

Mdogo wako mzima,
Sindano